Picha ikikatika katikati usikimbilie kulaumu mtandao, angalia kwanza unavyosoma data

Kuna dogo wa Nachingwea kanitumia meseji wiki hii, anaandika programu ya kufungua picha zinazotumwa kutoka kwenye simu. Anasema kaka, picha zangu juu ziko safi ila chini ni kijivu tupu, kila ninayemuuliza ananiambia ni mtandao wa huku kwetu. Nimeisoma nikasikia moyo unauma, maana maneno hayohayo nshaambiwa mimi, tena mbele za watu. Sasa nimeona nisimjibu peke yake, najua Mtwara na Lindi mko wengi mnaotaka kutengeneza vitu vyenu wenyewe.

Mimi yalinikuta msimu wa korosho. Makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, huko Tandahimba na Newala walikuwa wanapiga picha stakabadhi za wakulima, picha inaenda seva, seva inaifungua kwa libjpeg (laibrari, yaani kazi iliyoandikwa tayari na wengine, ya kufungua picha za JPEG), inaipunguza ukubwa na kuihifadhi. Kipande cha kodi, yaani maandishi ya programu, kinachopokea data na kuilisha libjpeg kiliandikwa na kampuni moja ya Dar, jina naliacha. Minada ilivyochanganya picha zikaanza kuja kijivu chini, na kwenye zile stakabadhi chini ndo kuna kilo na sahihi ya karani! Mkulima kahangaika na korosho zake tangu kupulizia dawa mpaka kuzifikisha ghalani, halafu kwenye kompyuta kilo zake hazipo. Kwenye kikao jamaa wakasema mtandao wa kusini mbovu, hakuna namna, tukubali tu. Nikasema hapana, mtandao ukiwa mbovu data inachelewa au inakatika, na programu nzuri lazima ijue tofauti ya hayo mawili. Nikaambiwa mi najua kukarabati kompyuta tu, niache wataalamu wafanye kazi. Ile kauli ilinikaa.

Nikaenda kukaa na kodi yao nyumbani Shangani, siwachoshi na hizo siku. Nilichokuta ni hiki: kodi inaita recv, fankisheni ya kupokea data ya mtandao, inaomba baiti 4096, ikipewa pungufu, tuseme 1,448, inachukulia faili limeisha. Yaani ndo hapo tu! Recv haijawahi kuahidi kukupa zote ulizoomba, inakupa zilizokwisha kufika, zingine bado ziko njiani. Ni sawa na karani wa ghala aone magunia 50 yameshuka, afunge daftari, wakati lori la pili ndo kwanza linakata kona.

Na kilichofanya watu wasishtuke mapema ni tabia ya libjpeg yenyewe. Ukiiambia data imeisha kabla ya wakati haigomi, inajiwekea yenyewe alama ya mwisho wa JPEG, zile baiti mbili FF D9, inatoa onyo, halafu inaendelea, na sehemu iliyokosa data ndo inatoka kijivu. Onyo, siyo kosa! Kwa hiyo kwenye ripoti za seva picha zote zilihesabika zimefunguka salama. Kama unatumia libjpeg, ukimaliza kufungua angalia num_warnings, hesabu yake ya maonyo, ikiwa zaidi ya sifuri usiipokee hiyo picha kimyakimya.

Nikaandika upya fankisheni ya kusoma. Inazunguka mpaka ijaze idadi iliyoombwa, ikipata sifuri inajua upande wa pili umefunga, ikikatizwa na ishara ya mfumo inarudia, na muunganisho ukifungwa kabla ya ukubwa uliotajwa mwanzoni kutimia, seva inaikataa picha na simu inatuma tena. Minara ileile, simu zilezile, na kijivu kikaisha. Najivunia hiyo kazi mpaka leo na sioni sababu ya kuficha. Wale wa kikaoni hakuna hata mmoja aliyenipigia kusema kaka ulikuwa sahihi.

Sasa mdogo wangu, shika hili: kusoma na kudikodi (kugeuza data kuwa picha) ni kazi mbili, zitenganishe. Dikoda iwe na mlango mmoja tu wa kuombea data, na mlango huo uwe na majibu mawili tu, nimekupa zote ulizoomba au data imeisha, basi. Usichanganye recv humo katikati ya kodi ya rangi na piseli, utapotea.

Halafu usidhani laibrari zote zinafanana. Libpng, ya picha za PNG, yenyewe ni kali, ukiipa fankisheni yako kwa png_set_read_fn inategemea uijazie idadi kamili, ukiijazia pungufu ukanyamaza itasoma takataka. Stb_image, laibrari nyingine ya picha, inakuomba fankisheni tatu, ya kusoma, ya kuruka na ya kusema data imeisha, na kuna sehemu inavumilia pungufu, sehemu nyingine inahesabu imeshindikana. Ndo maana nasema jaza zote, ukijaza zote uko salama kwa wote hao.

Lingine kwa mnaotumia Windows, fungua faili kwa "rb" (baiti kama zilivyo), siyo "r" (maandishi). PNG inaanza na baiti 137 80 78 71 13 10 26 10, na waliozipanga hawakubahatisha. Ukisoma kama maandishi, ile 13 10 inageuzwa kuwa 10 peke yake, na 26 inachukuliwa kuwa mwisho wa faili, picha inafia mlangoni. Na kama umeshazisoma hizo 8 kutoka kwenye soketi, yaani muunganisho wa mtandao, ili ujue ni picha ya aina gani, huwezi kurudi nyuma, iambie libpng kwa png_set_sig_bytes kwamba umeshazila.

Kujaribu usisubiri mtandao wa kijijini. Andika msomaji wa uongo anayetoa baiti moja moja, mpe dikoda, picha itoke sawasawa na ile iliyosomwa kwa mkupuo, piseli kwa piseli. Ukimaliza likate faili sehemu mbalimbali, kila kipande programu ikikatae kwa sauti. Ikipita yote hayo na bado kijivu kinatoka, nitumie hiyo fankisheni yako ya kusoma niiangalie.