Shawa ya Vioo: Uchafu Uliojificha Ndio Unaomgharimu Mpangaji

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Syokimau anayejiandaa kuhama. Anasema ajenti amekwisha kupita kukagua nyumba, akainama kwenye mlango wa shawa, akapitisha kidole katika reli ya chini, kisha akamwambia kwamba mlango mzima utabadilishwa kwa gharama yake. Dada huyu amesugua kioo mpaka vidole vikachubuka. Kioo kinang'aa, lakini reli, pembe na mipira ya mlango bado vina weusi na weupe usiobanduka, naye anauliza kama kuna dawa.

Dawa ipo, nami nitaieleza, ila kwanza niseme kwa nini ujumbe huu umenigusa. Niliwahi kukatwa sehemu kubwa ya amana yangu katika nyumba niliyokuwa nimepanga South B, kwa madai kwamba kioo cha shawa kilikuwa kimeharibika na mpira wa mlango umeoza. Risiti ya kioo kipya sikuonyeshwa. Baadaye aliyekuwa jirani yangu katika ghorofa ile aliniambia kwamba mpangaji aliyenifuata aliukuta mlango uleule, umesafishwa tu. Fedha zile nilikuwa nimezitengea karo ya mwanangu, na mpaka leo sijasahau nilivyosimama kwenye ngazi nikihesabiwa kilichobaki. Niliazimia tangu siku hiyo kwamba hakuna atakayenikata tena hata shilingi kwa sababu ya bafu. Mwezi uliopita, nilipohama Imara Daima, msimamizi wa jengo aliingia bafuni na tochi, akamulika chini ya mlango, nyuma ya bawaba na ndani ya reli, akatoka na kutia saini fomu bila kuandika kasoro yoyote. Amana ilirudi yote. Ninajivunia jambo hilo, na ninaamini kila mpangaji anayelipa kodi kwa jasho lake anastahili kutoka katika nyumba ya watu akiwa ameinua kichwa.

Sehemu zilizojificha hazitaki nguvu. Zinataka muda wa kulowa, na zinataka ujue unapambana na uchafu wa aina gani. Ule weupe mgumu unaokwaruza ukucha ni madini yaliyoachwa na maji yalipokauka, hasa chokaa, na huyeyushwa na asidi kama siki au unga wa asidi ya sitriki. Utando wa kijivu unaoteleza ni sabuni ya mche iliyoungana na madini hayohayo pamoja na mafuta ya mwili, nao hulegezwa na maji ya moto yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Weusi wa kwenye pembe na mipira ni kuvu. Anayemwagia siki juu ya mafuta, au anayesugua chokaa kwa sabuni ya unga, atachoka bure na atadhani kioo chake kimekufa.

Hapa kwetu, mtaa unaoishi una maana kubwa. Maji ya jiji la Nairobi, ambayo sehemu yake kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ni maji laini ya milimani na huacha alama chache. Lakini mgao unapobana, majengo mengi hujaza matangi kwa maji ya visima vya kuchimbwa au ya bowza, na upande wa Syokimau, Mlolongo na Kitengela wengi wetu tunayajua maji ya chumvi, yale yanayokataa kutoa povu. Kwa hiyo, dada yangu wa Syokimau, weupe uliomo kwenye reli yako si ushahidi wa uvivu wako. Mwambie ajenti hivyo.

Anza na reli ya chini, na uianze ikiwa kavu. Ukimwaga maji kwanza, nywele na vumbi vitageuka tope na kujisokomeza ndani zaidi. Chukua mswaki mkuukuu, zoa vilivyomo, halafu tandika vipande vya karatasi ya choo kwenye mfuo wa reli kuanzia mwanzo hadi mwisho na uvimwagie siki nyeupe ya vuguvugu hadi vishibe. Karatasi ina kazi yake: siki iliyomwagwa peke yake hutiririka na kuondoka, ilhali iliyonyonywa na karatasi hukaa pale pale penye chokaa. Acha kwa takriban nusu saa, kisha ondoa karatasi na usugue kwa mswaki. Kinachobaki kwenye kona kikwangue kwa kijiti cha aiskrimu au kadi ya plastiki, wala usitumie bisibisi. Milango hii huundwa kwa kioo kilichoimarishwa kwa joto, na ukingo wake ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Pigo dogo la chuma ukingoni linaweza kuufanya mlango mzima upasuke vipande vidogovidogo mikononi mwako.

Ukiwa hapo chini, tafuta vitundu vya reli. Hili ndilo jambo ambalo sijawahi kuona mtu akiliangalia bila kuambiwa. Reli nyingi za alumini zina vitundu vidogo, au nafasi nyembamba upande wa ndani, vinavyorudisha maji sakafuni mwa shawa. Vikizibwa na sabuni, maji hulala ndani ya reli, na utelezi mweusi hauishi hata ukisafisha kila Jumamosi. Katika nyumba ya Imara Daima nilivizibua kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kilitoka kitu kama uji mzito wa rangi ya kijivu, chenye harufu ya tope la mtaroni, kisha nikasikia maji yakishuka kwa sauti. Tangu hapo reli ile ilikuwa ikikauka yenyewe kabla ya jioni.

Mpira wa chini ya mlango huchomoka kwa kuvutwa taratibu kuanzia pembeni. Uloweke kwenye beseni la maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, usugue mfuo wake wa ndani, uukaushe na uurudishe ukiwa umeelekea upande uleule uliokuwa, la sivyo maji yatamwagika nje. Ukiwa umegeuka manjano na kukakamaa, kununua mwingine ni busara kuliko kubishana nao. Maduka ya vioo huuza mipira hiyo kulingana na unene wa kioo, ambao kwa kawaida ni milimita 6, 8 au 10, kwa hiyo pima kabla ya kutoka nyumbani. Gharama yake haifanani hata kidogo na ya mlango mzima. Laiti ningelijua hilo nilipokuwa South B, mazungumzo yale kwenye ngazi yangekwenda vingine.

Nafasi nyembamba kati ya kioo na ukuta, pamoja na nyuma ya bawaba na vishikio, hufikiwa kwa rula ya plastiki iliyovishwa soksi kuukuu na kuchovywa siki. Ipitishe polepole, isuuze, irudishe tena mpaka soksi itoke safi. Palipo na chuma kilichopakwa kromu usiiache siki ikakaa muda mrefu, kwa maana hufifisha mng'ao. Dakika chache zinatosha, kisha suuza na ufute. Na kama sakafu yako ni ya terazo, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani za Nairobi, au ni ya marumaru, weka asidi mbali nayo kabisa, kwa sababu ileile asidi inayokula chokaa kwenye kioo italila na jiwe lenyewe. Grauti, yaani kijazio cha kati ya vigae, nayo ina saruji ndani yake, basi iloweshe kwa maji kwanza ili isiinyonye siki, na uisuuze vizuri baada ya kazi.

Kuvu kwenye silikoni, ule mpira laini unaoziba pembe, huhitaji Jik, yaani dawa ya klorini ya kupaushia nguo. Changanya sehemu moja ya Jik na sehemu kumi za maji, chovya pamba, ipachike kwenye silikoni iliyokauka na uiache kwa saa mbili tatu huku dirisha likiwa wazi na mikono ikiwa na glavu. Weusi ukibaki baada ya hapo, umeingia ndani ya silikoni yenyewe na hakuna dawa itakayoutoa. Kata silikoni hiyo kwa wembe wa fundi, kausha pembe, weka nyingine, na usioge humo kwa saa 24.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jik isikutane na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa yoyote yenye amonia. Jik ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, na ndani ya kijumba cha vioo kisicho na upepo gesi hiyo huumiza mapafu haraka. Zitumie siku tofauti, na usuuze kabisa katikati. Ninasema haya kwa uchungu kwa sababu wanaofanya kazi hii katika nyumba nyingi ni akina dada wanaotusaidia, na tunawakabidhi chupa mbili tatu na amri ya kung'arisha, bila glavu na bila neno la tahadhari. Ukimwajiri mtu akusafishie bafu, una wajibu wa kumfundisha kipi hakichanganywi na kipi, na wajibu wa kufungua dirisha kabla yeye hajainama. Hakuna amana inayostahili kifua cha mtoto wa mwenzako.

Kichwa cha shawa kilichoziba hufungiwa mfuko wa plastiki wenye siki kwa saa moja, kisha vitundu vyake husuguliwa kwa kidole gumba. Kama ni shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, zima swichi yake kuu kwanza, fungua kile kisahani cha vitundu peke yake, na ukisafishe mbali na mwili wa mtambo.

Mtaniuliza pia kuhusu mchanganyiko wa siki na soda ya kuokea unaosifiwa sana mtandaoni. Povu lake linapendeza machoni, lakini viwili hivyo vikikutana huuana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja kimoja.

Baada ya usafi, kazi ya kila siku ni ndogo. Pangusa kioo kwa kipangusio cha raba baada ya kuoga, pitisha kitambaa kwenye reli na uache mlango wazi. Wanaooga kwa maji ya chumvi nawashauri wakinge maji ya mvua kwenye dumu na kuyatumia kwa suuza ya mwisho, kwani hayana madini ya kuacha alama. Kikombe kimoja cha maji hayo kinatosha reli nzima.

Namrudia dada wa Syokimau. Kabla hujakubali kulipia mlango, kama kioo nacho bado kina doa, kiloweke kwa siki mara mbili kwa utaratibu ule wa karatasi, kisha kikaushe na upitishe ukucha. Doa likikwaruza, bado ni chokaa na litatoka ukirudia. Kioo kikiwa laini kabisa lakini bado kina ukungu, huenda madini yamekwisha kukila, na hapo fundi wa vioo anaweza kukisugua kwa unga wa oksidi ya seriamu, kazi ambayo isifanywe na mtu asiyeizoea. Piga picha za reli, mpira na pembe zikiwa safi, tarehe ikionekana. Ulizia bei kwa mafundi wawili, kisha mwombe ajenti akuandikie ni kipande gani hasa anachotaka kibadilishwe na kwa shilingi ngapi. Siku ya kukabidhi funguo, mshikie tochi wewe mwenyewe.