"Conduct" ni mwenendo: neno lililoninyima kazi

Juzi mdogo wangu mmoja wa Wete kaniletea ujumbe: "Assalaam aleikum kaka. Kuna hoteli inataka nieleze conduct yangu kwenye barua ya maombi. Nimeandika nina good conducts. Iko sawa?" Nilipousoma nikaiweka simu chini kwanza. Neno hilo hilo lilininyima kazi.

Wakati ule nilikuwa nikitembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi. Hii hiliki, huu mdalasini, nusa jani hili. Kiingereza changu nilikiokota njiani na nilikiamini. Nikaitwa usaili hoteli moja ya pwani ya mashariki. Mama alinipigia pasi shati jeupe usiku, asubuhi akalirudia tena. Ndani walikaa watu watatu. Mama mmoja wa makamo akaniuliza, kwa upole kabisa, conduct yangu kazini ilikuwaje. Nikamjibu kuwa nimefanya ziara nyingi sana na wageni wote waliondoka wamefurahi. Akarudia swali. Na mimi nikarudia jibu, kwa sauti kubwa zaidi. Kijana aliyekaa pembeni yake akainamisha kichwa akicheka, akaandika kitu kwenye karatasi yangu, akaifunika kwa kiganja. Mengi ya siku ile yamenitoka, lakini kalamu yake ya kijani, kifuniko kimetafunwa, naiona mpaka leo. Hakuna aliyenipigia simu.

Nyumbani nilifungua kamusi nikaona nilipoteleza. Mkazo ukiwa mwanzoni, KON-dakt, ni nomino: mwenendo wa mtu. Mkazo ukienda mwisho, kon-DAKT, ni kitenzi: kuongoza, kuendesha, kama kuendesha mkutano au kutembeza wageni. Mimi niliulizwa la kwanza nikajibu la pili. Wala si jambo geni kwetu: kuna barabara inayopita gari, na kuna barabara ya kusema sawasawa, na kinachozitenga ni mkazo tu.

Asili yake ni Kilatini, ducere, kuongoza. Kondakta wa daladala katoka humo humo. Sisi mwenendo tumeutoa kwenye kwenda. Mwingereza anauliza unajiongoza vipi, bibi yangu alikuwa akiuliza unakwenda vipi na watu. Nililipenda neno lile siku nilipoliona hivyo, ingawa lilikuwa limeniumiza.

Sasa usichanganye na manners. Hizo ni adabu zinazoonekana: kupiga hodi, kusema chei chei kwa wakubwa, kupokea kitu kwa mkono wa kulia. Conduct inakwenda mbali zaidi. Mgeni kasahau saa yake bafuni, umo peke yako na ndoo yako ya kusafishia, mlango umefungwa. Utakachofanya hapo ndiyo conduct. Na mwenendo mbaya, misconduct, ndilo neno linaloandikwa kwenye barua za kufukuzwa kazi, kwa hiyo ukilikuta kwenye mkataba lisome mara mbili kabla ya kusaini.

Leo nipo mapokezi, msimamizi wa zamu, na barua za waombaji zinapita mkononi mwangu. Nasema hivi kwa fahari, kazi hii nimeitolea jasho. Na ninayoyaona yananisikitisha. Kijana kaandika mwenendo wake ni mwema kwa Kiingereza kilichonyooka, halafu getini kapita kama hakumuona mlinzi. Mlinzi wetu ni mzee wa watu. Asiyemwamkia, barua yake mimi siimalizi. Jamani, vijana wenzangu, mtu hawezi kuandika asichokuwa nacho! Jifunzeni neno, shikeni kamusi, lakini anzeni getini. Anzeni nyumbani, kwa mama aliyepiga pasi shati.

Mdogo wangu, irekebishe hivi: ondoa ile s, maana neno hili kwa maana ya mwenendo halina wingi, wala usiliwekee a mbele yake. Andika: My conduct at work has always been good. Chini yake weka jina la mtu anayekujua kweli, maalim wako wa chuoni au sheha wenu, na umuombe ruhusa kwanza. Ukishamaliza nisomee kwa simu, nisikie mkazo umeuweka wapi, kabla hujapanda boti.