Kabla fundi wa jipsamu hajaingia

Dada, umeuliza kama ni lazima uhamishe sebule nzima kabla fundi hajaja kurekebisha dari ya jipsamu. Si lazima. Toa televisheni, mapazia na zulia. Makochi yasogeze katikati, uyafunike kwa nailoni mpaka chini. Kinachosumbua hasa ni vumbi la msasa. Ni laini kama unga, linapenya hata chini ya mlango, kwa hiyo ziba pale kwa taulo bichi na uzime feni na kiyoyozi. Mwanao mwenye pumu alale kwa bibi yake siku ya kupiga msasa, tafadhali sana. Na kama dari iliharibiwa na maji, ziba kwanza bati linapovuja, la sivyo doa litarudi mvua ikinyesha.