Koma ya Kingereza: tafuta kwanza nani ndiye mtenda

Wandugu wenye munaandika raporti mu Kingereza hapa Goma, leo niongee juu ya koma, ile yenye inakuja nyuma ya maneno ya kuanzia sentensi. Raporti za maproje zinapita kwangu kwanza kabla ziende kwa wafadhili, na naona hii koma inasumbua watu kushinda hata vitenzi, juu shuleni tulisomea mu Kifaransa, Kingereza tulikipata masaa kidogo tu.

Angalia hii: While we were cooking the goat ran away. Msomaji anaona "cooking the goat", kwake mbuzi iko tayari mu sufuria, kisha anakuta "ran away", inabidi arudi nyuma asome upya. Weka koma nyuma ya cooking, kila kitu kinakaa sawa.

Vile nafanya mimi, natafuta kwanza nani ndiye mtenda wa sentensi kubwa, na yote yenye inamutangulia ni ya kuingilia tu, basi koma inakaa pale mbele yake. When Nyiragongo erupted, people ran to Sake. Mtenda ni people. Ukigeuza, People ran to Sake when Nyiragongo erupted, koma haitakiwi tena.

Sasa hapa ndio pa kuwa makini sana. To repair the road, we need money: mtenda ni we, koma iko. Lakini To repair the road is expensive, hapo "to repair the road" yenyewe ndiyo mtenda, ukitia koma unaitenganisha na kitenzi chake, na hiyo naikuta karibu kila wiki, watu wakiona To mwanzoni wanatupia koma bila kuangalia mbele kuna nini. However nayo ni vile vile: However, the road was closed. Ila However bad the road was, we arrived, koma inasogea hadi mwisho wa ile sehemu.

Kwa tarehe fupi, In 2002 lava covered part of the airport runway, koma ni hiari, Waingereza wengi wanaiacha. Mimi naiweka siku zote, juu namba zikifuatana, In 2021 14 families came, macho yanachanganyikiwa.

Na kama raporti inadaiwa asubuhi na wewe bado uko mbio ku biro, pitia hata zile sentensi tu zenye zinaanza na When, While, After, If na To.