Babu Hakufika Kampala

Wiki mbili zilizopita tulisoma hitima ya arobaini ya babu yangu mzaa mama, nyumbani kwetu Ngamiani hapa Tanga, nami nikapewa heshima ya kusoma wasifu wake. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayejulikana kwa kalamu, na familia kadhaa zimewahi kunishukuru kwa wasifu niliowaandikia marehemu wao, kwa hiyo sikuona haja ya kumuuliza mtu. Niliketi usiku mmoja nikajaza kurasa mbili, nikieleza jinsi babu, askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, alivyoitikia wito wa Mwalimu Nyerere wa tarehe 2 Novemba 1978 wa kupigana na Idi Amin wa Uganda, akavuka Mto Kagera pamoja na wenzake, na hatimaye akaingia Kampala mwezi Aprili 1979.

Dua ilipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo ya turubai alinyanyua mkono. Alisema kwa upole, ila kwa sauti iliyofika hadi kwa akina mama waliokuwa wakipakua pilau: "Umesoma vizuri, mjukuu wangu. Lakini babu yako hakufika Kampala."

Sitaficha kwamba niliumia, na bado naumia. Angeweza kuniita kando. Hata hivyo, kesho yake nilimfuata kwake Makorora, nikampa shikamoo, nikakaa barazani kama mtoto wa madrasa aliyekosea aya.

Alinieleza kuwa babu alikuwa dereva wa lori. Hakuwa mstari wa mbele. Alipeleka unga, maharage na risasi, na aliporudi alibeba majeruhi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, pale Lukaya, Uganda, jeshi la Amin likisaidiwa na askari wa Libya liliivuruga brigedi yetu ya 201, kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi. Kesho yake brigedi ya 208 ilizunguka ikalipiga jeshi hilo kutoka ubavuni, na huo ndio ushindi tunaousoma vitabuni. Babu alikuwa upande ambao vitabu havikai sana: alirudi Masaka na watu waliolala juu ya bati tupu la lori, na kila gurudumu lilipoingia shimoni aliwasikia. Baada ya hapo aliachwa kwenye njia ya Masaka na Mutukula hadi vita vikaisha.

Ndipo nilipokumbuka baiskeli. Babu alitupeleka shuleni sisi wajukuu kwa baiskeli, mmoja mmoja, akirudi kumchukua mwingine, na kwenye keria alikuwa amefunga kipande cha godoro kwa mpira wa tairi. Kila tulipofika penye mashimo alishuka akaisukuma, hata kama kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia. Tulimcheka. Mimi nilimwambia wazi, nikiwa darasa la tano, kwamba babu za wenzangu wanaendesha kwa kasi. Hakunijibu; alikaza tu ule mpira.

Sasa, ndugu msomaji, najua nawe una mzee nyumbani na una nia ya kuandika habari zake siku moja, kwa hiyo nisikilize mimi niliyeaibika mbele ya turubai zima. Muulize angali hai. Usimuulize "vita vilikuwaje", maana swali hilo nilimuuliza babu mara tatu, akanijibu mara tatu kuwa vilikuwa vita. Muulize walikula nini, walilala wapi, nani alikuwa jirani yake kwenye lori. Akinyamaza, waulize waliokuwa naye, na uwaulize mapema, kwa sababu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1979 leo ni mzee wa zaidi ya miaka sitini na mitano. Muulize, nasema tena, angali hai. Tunajaza simu zetu picha za sahani za biriani, halafu tunakosa hata dakika mbili za sauti ya mtu aliyetulea. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunatazama gwaride kwenye runinga huku shujaa wetu akiwa uani anatengeneza baiskeli ya mjukuu, na hakuna anayenyanyuka kumfuata. Ni aibu, na naisema nikiwa wa kwanza miongoni mwa wenye kuaibika.

Wasifu nimeuandika upya. Kampala imetoka, na lori limeingia, pamoja na unga na lile godoro, ingawa mjomba mmoja analalamika kwamba nimemshusha hadhi marehemu. Ijumaa nilirudi Makorora kumsomea yule mzee. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia imeegemezwa ukutani, uani, na godoro lipo bado.

"Niletee nilione," akasema. "Lakini uje ukiisukuma."