Samli inaota ukungu baada ya wiki mbili: maji hayajakauka

Mkuu, umesema samli unayopika kwa siagi nusu kilo hutoka nzuri, ila wiki mbili hazijaisha inanuka uchachu na juu inaota ukungu. Unaepua mapema.

Siagi ni mafuta kama asilimia 80, maji kama 16, kinachobaki ni protini na sukari ya maziwa. Nusu kilo itoe samli gramu 380 hadi 400. Ukipima ukakuta 440, hayo ya ziada ni maji.

Kabla ya yote soma pakiti, maana nyingi tunazoziita siagi madukani ni majarini ya mafuta ya mimea. Hizo hata uzichemshe hadi kesho, samli hupati. Chukua siagi ya maziwa isiyo na chumvi.

Tumia sufuria ya kitako kizito, inayong'aa ndani ili uone rangi ya chini, na siagi isizidi nusu yake. Moto mdogo, bila kifuniko. Ukifunika, mvuke unarudi kuwa maji.

Kuanzia hapo tumia masikio. Mwanzo inatokota kwa kelele, mapovu makubwa, povu jeupe limetanda juu. Maji yakiwepo joto hubaki karibu na nyuzi 100, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Baada ya dakika 15 hadi 25 kelele inafifia, mapovu yanakuwa madogo, mafuta yanakuwa angavu. Sogeza povu kwa kijiko utazame chini: mashapo yakiwa na rangi ya asali, na povu la pili, laini, likianza kupanda, epua hapo hapo. Dakika hizi usitoke jikoni hata kama mlango unabishwa hodi. Maji yakishakwisha joto hupanda haraka, mashapo yanakuwa meusi na samli inakuwa chungu. Uchungu huo hautoki kwa kuchuja.

Ukiwa na shaka, chovya kipande cha utambi wa pamba ndani ya samli, kipeleke mbali na jiko ukiwashe. Kikitatarika, rudisha sufuria motoni.

Iache itulie dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba kikavu, uweke kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Usifunike ikiwa ya moto. Na kijiko chenye unyevu kisiingie humo kamwe. Wengi wanapika vizuri halafu wanaiharibu kwa kijiko. Ile iliyokwisha ota ukungu mwaga, kuichemsha upya hakuisafishi.

Kama siagi ni ya kusukasuka mwenyewe kutoka kwenye malai, ioshe kwa maji baridi mpaka yatoke bila weupe. Mtindi, yaani maziwa yanayobaki baada ya kusuka siagi, ukibaki ndani, mashapo yanakuwa mengi na yanashika chini mapema.

Ikiganda ikawa na chengachenga usishtuke, ni kwa sababu imepoa polepole. Kwa biriani hiyo haina neno. Ukiitaka laini ya kupaka, ipozeshe haraka kwenye friji.