Kwaya Nne na Wimbo Mmoja wa Usharika

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Tuna kwaya nne, kila moja huimba nyimbo mbili kila Jumapili, na wimbo wa kitabuni umebaki mmoja, nao hukatwa beti ili ibada isichelewe kwisha. Nilipolalamika barazani niliambiwa kwamba kuimba ni karama, basi waachiwe waliojaliwa. Je, nimekosea?

JIBU: Mzee wetu, hukukosea. Karama ya sauti ipo, lakini agizo la kuimba hawakupewa wenye sauti nzuri peke yao. Wakolosai 3:16 inasema, "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni", na kila ajuaye Kiswahili anaona kwamba vitenzi hivyo vinaishia kwa -ana: mmoja anamfundisha mwenzake na kufundishwa naye, jambo lisilowezekana pale ambapo wachache wanaimba na usharika mzima unasikiliza.

Hoja uliyojibiwa ni ya zamani sana. Katika karne ya 4, kanuni ya 15 ya Mtaguso wa Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, iliagiza kwamba wasiimbe kanisani ila waimbaji waliowekwa rasmi. Martin Luther alipotunga nyimbo kwa Kijerumani, na vitabu vya kwanza vya nyimbo hizo vikachapishwa mwaka 1524, alikuwa anawarudishia waumini sehemu yao, kwa hiyo usharika wa Kilutheri ukinyamaza unaacha urithi wake wenyewe.

Msigombane na wanakwaya, maana hao ndio mnaowahitaji: wauongoze wimbo wa kitabuni, na kwaya zipokezane, mbili Jumapili hii na mbili ijayo, ili beti zote ziimbwe. Wimbo wa Pasaka husimulia kwa mfuatano, na ukikatwa mapema waweza kutuacha bado kaburini.

Angalieni pia kinanda. Niliwahi kuketi karibu na mzee mmoja aliyeimba sauti ya nne, yaani besi, kitabu kikiwa wazi mikononi ingawa hakukitazama. Mpiga kinanda alipoipandisha juu sauti ya wimbo kwa mara ya pili, mzee alijaribu neno moja, akakohoa, akakifunga kitabu na kukiweka magotini. Hakuna aliyemkataza kuimba. Wimbo ulipelekwa asikoweza kuufuata.

Jumapili ijayo chagueni wimbo ambao hata watoto wanaujua kwa moyo, uanzishwe chini kidogo, na ubeti wa mwisho uimbwe bila kinanda.